Kompyuta Moja, Majibu Matatu

Kompyuta ya nyumbani kule Bofa, Kilifi, aghalabu haina mtumiaji mmoja. Asubuhi mwenye nyumba anawajibu wageni wanaotaka kupanga vyumba karibu na ufuo. Mchana kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani anachomeka flashi aliyotoka nayo saiba mjini Kilifi. Jioni mtu anaingia iTax kujaza ritani za mamlaka ya mapato, KRA. Usiku watoto wanapakua filamu. Siku mashine inapokuwa nzito, matangazo yakajifungua yenyewe na ukurasa wa mwanzo wa kivinjari ukabadilika bila kuguswa, fundi huitwa. Fundi anaweka programu ya kusaka majasusi (programu zinazompeleleza mtumiaji kwa siri), inapekua diski nzima na kutoa idadi ya vitu ilivyovinasa. Mwenye kompyuta, kwa kuwa pesa na siri zake zimo humo, anataka uhakika, anaongeza programu ya pili. Ya pili inatoa idadi nyingine kabisa. Ya tatu inasema kompyuta ni safi.

Mbele ya majibu hayo matatu watu hugawanyika. Kuna anayeiamini iliyonasa vingi, akidhani ndiyo yenye bidii. Kuna anayeiamini iliyosema safi, kwa sababu imemtuliza moyo. Na kuna anayezikatia tamaa zote. Naona wote watatu wameiomba ripoti jambo isiloweza kulitoa. Ripoti ya programu ya aina hii ni maoni ya kampuni fulani, yaliyotolewa kwa vigezo vyake, kwa orodha ya majasusi iliyokuwa nayo siku hiyo, na wakati mwingine kwa masilahi yake. Kinachofaa kusomwa ni tofauti zenyewe: ni kitu gani kimeitwa jasusi, kipo wapi ndani ya diski, na kwa nini programu ya pili imekipita.

Idadi ndiyo habari dhaifu kuliko zote. Chukua programu moja ya matangazo iliyoingia kwa mlango wa nyuma pamoja na kichezeshi cha video cha bure. Imeacha faili kadhaa, folda moja, nyongeza kwenye kivinjari, na mistari mingi katika rejista ya Windows. Programu moja ya kusaka itahesabu kila mstari na kila faili kuwa tishio, iandike kwa rangi nyekundu kwamba imenasa vitu arobaini. Nyingine itavifunga vyote pamoja na kuviita kitu kimoja. Hapo hakuna iliyokosea. Zimehesabu vitu tofauti. Ongeza vidakuzi, zile faili ndogo za maandishi ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili zikutambue ukirudi. Vidakuzi vya wauza matangazo hufuatilia nyendo zako mtandaoni, na ni haki mtu kutovitaka, lakini haviwezi kuiba neno la siri wala kusoma kibodi. Baadhi ya programu za zamani zilivihesabu kimoja kimoja, na mtu aliyetembelea magazeti kadhaa kwa wiki moja alikuta ameambiwa ana mamia ya majasusi. Idadi kubwa huuza. Mwenye hofu hulipia toleo la kulipiwa upesi zaidi.

Kwamba majibu ya programu hizi hutofautiana lilijulikana mapema. Ad-Aware ya kampuni ya Lavasoft ilitoka 1999, na Spybot – Search & Destroy ya Patrick Kolla ikafuata mwaka uliofuata. Kwa miaka kadhaa ushauri wa mafundi ulikuwa uleule: tumia zote mbili, kwa sababu kila moja hunasa kile ambacho nyingine imekiacha. Oktoba 2004 Mmarekani Eric Howes alizipima programu nyingi za aina hiyo kwenye kompyuta alizoziambukiza makusudi, akahesabu faili na mistari ya rejista iliyokuwa muhimu kwa uhai wa kila jasusi. Programu iliyoongoza iliacha takriban robo ya hayo mambo muhimu bila kuyaona. Hiyo ndiyo iliyokuwa bora. Nyingine ziliachwa mbali. Desemba mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni ya GIANT iliyotengeneza programu iliyofanya vizuri, na kazi hiyo ndiyo chimbuko la Defender ambayo leo imo ndani ya kila Windows.

Mtu anaweza kupiga hesabu ya haraka: kama moja huacha robo na ya pili huacha robo, zikiwa pamoja zitaacha sehemu moja tu kati ya kumi na sita. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama makosa yao hayahusiani. Kwa kweli yanahusiana sana. Kampuni nyingi hazina injini yao ya upekuzi. Hukodi ya mwenzao. Injini ya Bitdefender ya Romania imo ndani ya bidhaa kadhaa zenye majina mengine, zikiwemo G DATA na Emsisoft. Avast iliinunua AVG mwaka 2016, na kwa sasa Avast, AVG, Avira na Norton zote ni mali ya kampuni moja iitwayo Gen Digital. Anayeweka Avast leo na AVG kesho, kisha akafurahi kuona zimekubaliana, amemuuliza shahidi mmoja mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha majibu, uliza kwanza injini ni ya nani.

Na kuna jambo zito zaidi kuhusu Avast. Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba kampuni hiyo, kupitia tawi lake lililoitwa Jumpshot, ilikuwa ikiuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake. Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Hakuna programu ya kusaka majasusi ambayo ingemwonya mwenye kompyuta kuhusu hilo, kwa sababu msakaji ndiye aliyekuwa akibeba taarifa. Mtu aliyeweka programu nne za bure ili alinde faragha yake angekuwa ameikabidhi faragha hiyo kwa kampuni nne.

Tunafika kwenye swali ambalo ndilo kiini: nani huamua kwamba programu fulani ni jasusi? Virusi vya kawaida havina wakili. Programu ya matangazo inayofuatilia watu ina kampuni, ofisi, na mkataba ambao mtumiaji aliubonyeza bila kuusoma. Claria, kampuni ya namna hiyo iliyojulikana awali kama Gator, ilipinga hadi mahakamani programu yake kuitwa jasusi. Katikati ya 2005 watumiaji wa programu mpya ya Microsoft waligundua kwamba ushauri wake kuhusu Claria ulikuwa umebadilika kutoka kuiweka karantini hadi kuipuuza, wakati ambapo magazeti yalikuwa yakiripoti mazungumzo ya Microsoft kuinunua Claria. Microsoft ilieleza kwamba ilitumia vigezo vilevile kwa kampuni zote. Iwe hivyo au sivyo, kompyuta ileile, yenye faili zilezile, ilipata jibu tofauti kwa sababu uamuzi ulibadilika ofisini.

Mahakama nazo zimevutwa humo. Zango, kampuni ya matangazo, iliishtaki kampuni ya usalama ya Kaspersky kwa kuizuia, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaipa Kaspersky kinga. Miaka saba baadaye Enigma, watengenezaji wa SpyHunter, wakaishtaki Malwarebytes kwa kuiita bidhaa yao programu isiyotakikana. Zote mbili ni kampuni za kusaka majasusi. Moja ilikuwa ikimnasa mwenzake. Septemba 2019 mahakama ileile ya rufaa ikasema kinga haimfuniki anayemzuia mshindani kwa nia ya kibiashara. Mtu wa Bofa akiona programu yake ya kwanza inaiita ya pili tishio, ajue ugomvi huo umeshafika mbali, na haumwambii lolote kuhusu hali ya diski yake.

Hapa kwetu kuna kundi moja la matokeo linalozua tofauti nyingi kuliko yote, nalo ni vile vifaa vya kufungulia Windows na Office bila leseni. Shirika la BSA lilikadiria kwamba mwaka 2017 asilimia 74 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta Kenya hazikuwa na leseni. Kompyuta nyingi za mtumba hupita mikononi mwa mtu anayeweka Windows upya kwa haraka na kuifungua kwa kifaa kama KMSPico. Defender hukiita kifaa hicho chombo cha udukuzi na kukifuta. Programu nyingine hukiweka kwenye orodha ya vitu visivyotakikana, na nyingine hunyamaza. Fundi naye humwambia mteja, “Mama, hiyo usijali, ni ya kufungulia Windows tu.” Mara nyingine fundi amesema kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mteja huzoea kupuuza onyo la aina hiyo. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza visa ambavyo kisakinishi kilichojiita KMSPico kilikuwa kimebeba Cryptbot, mwizi wa maneno ya siri na pochi za sarafu za kidijitali. Onyo ni lilelile, jina ni lilelile, na ndani kuna kitu kingine. Msimamo wangu ni kwamba hapa mwenye kompyuta asilinganishe chochote. Kifaa kama hicho kikiwepo, chochote alichosema msakaji wa kwanza au wa pili hakiwezi kuirudishia mashine hiyo imani, na mtu anayeitumia kwa benki au M-Pesa anapaswa kutafuta Windows halali au kuhamia Linux.

Jambo la pili la kwetu ni bando. Programu za kisasa hazibebi maarifa yao yote ndani ya diski. Zikikutana na faili zisiyoijua, huuliza kompyuta za kampuni kupitia intaneti na kupata jibu papo hapo. Maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima kila bidhaa mara mbili, ikiwa na mtandao na ikiwa haina, na kwa bidhaa kadhaa, Defender ikiwemo, uwezo wa kutambua hushuka waziwazi mtandao ukikatwa. Sasa fikiria nyumba ambayo bando limeisha, au stima imerudi lakini waifai haijarudi. Programu itapekua, itamaliza, itaandika safi. Jumamosi inayofuata bando likiwepo itapekua tena na kunasa. Mwenye nyumba ataamini kwamba jasusi aliingia wiki hiyo, pengine amshuku mgeni aliyelala humo, na kumbe alikuwepo tangu mwanzo. Ulinganisho wowote ambao programu moja ilikuwa mtandaoni na nyingine haikuwa ni kazi bure.

Kilifi ni mji uliozoea vipimo, na kimoja kinafaa kutufunza hapa. KEMRI na Wellcome Trust wamefanya utafiti hapo tangu 1989, na malaria ikiwa moja ya kazi zao kuu. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika sana hutafuta protini iitwayo HRP2 ambayo vimelea huiacha katika damu. Protini hiyo hubaki kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hivyo kipimo huweza kusema ndiyo wakati hadubini, inayotafuta kimelea chenyewe, inasema hapana. Vyote viwili vimesema kweli kuhusu kitu kilichoulizwa. Ndivyo ilivyo programu moja inapokuta mistari ya rejista iliyoachwa na jasusi aliyefutwa zamani, huku nyingine, inayotazama tu programu zinazoendeshwa wakati huo, ikikosa kuona lolote. Mistari iliyobaki ni alama kwamba mtu alipita. Daktari mwenye busara huuliza mgonjwa alitibiwa lini, na fundi mwenye busara huuliza faili ambayo mstari ule unaielekeza bado ipo au haipo. Kama haipo, mstari hauwezi kufanya kitu.

Basi ulinganisho wa maana unafanywaje? Chagua programu mbili zenye injini tofauti kweli. Tatu hazina faida kubwa kwa nyumba ya kawaida. Defender imo tayari, na Malwarebytes ya bure huweza kupekua kando yake bila ugomvi, kwa kuwa haiachi mlinzi wa kudumu. Usiweke walinzi wawili wa kudumu kwa pamoja, maana watagombania kila faili inayofunguliwa na mashine itazidi kulemewa. Zihuishe zote siku moja, mtandao ukiwepo. Kisha, na hili ndilo hupuuzwa zaidi, zima ufutaji wa moja kwa moja pale mpangilio unaporuhusu. Ya kwanza ikifuta ilichokipata, ya pili haitakuwa na cha kukiona, na ulinganisho umekufa hapohapo. Zaidi ya hayo, ya pili huweza kuingia katika folda ya karantini ya ya kwanza, ikakuta waliofungwa humo, na kuwatangaza kama ugunduzi mpya.

Ripoti zikishahifadhiwa, tazama njia ya faili kabla ya jina la tishio. Majina hutofautiana mno: mnyoo ulioanza kusambaa Novemba 2008 na kubebwa na flashi duniani kote uliitwa Conficker na wengine, Downadup na wengine, na Kido na Kaspersky. Ripoti mbili zinazoonekana kupingana huweza kuwa zimekubaliana kwa majina mawili. Njia ya faili haidanganyi hivyo. Faili moja ikitajwa na injini zote mbili mahali pamoja, shaka imepungua sana. Faili ikitajwa na moja tu, tazama inakaa wapi. Ikiwa katika folda ya muda au ya vipakuliwa, haina sahihi ya mtengenezaji na hujizindua kila Windows inapowaka, iondoe. Ikiwa ni faili ya Windows yenyewe, subiri. Tarehe 21 Aprili 2010 McAfee ilitoa masasisho yaliyoitambua svchost.exe, faili halali na ya lazima ya Windows XP, kuwa virusi, na kompyuta nyingi sana duniani zikawa zinazima na kuwaka bila kukoma. Siku hiyo programu iliyonasa ndiyo iliyoharibu.

Kwa faili ya shaka kuna VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Uhispania 2004 na kununuliwa na Google 2012, ambayo huipitisha faili mbele ya injini zaidi ya sitini kwa pamoja. Nina angalizo moja kwa watu wa nyumba za wageni. Faili inayopakiwa hapo hushirikiwa na kampuni za usalama. Hati yenye nakala za pasipoti za wageni isipakiwe kamwe. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inamhesabu mwenye nyumba kuwa na wajibu juu ya taarifa hizo. Tafuta kwanza kwa alama ya SHA-256 ya faili, herufi na tarakimu 64 ambazo Windows yenyewe huweza kuzitoa. Kama faili inajulikana, jibu litakuja bila kupakia chochote. Na injini mbili au tatu zikilalamika kati ya zote hizo, usikimbilie kuogopa. Angalia kama ni zile zinazokodi injini moja.

Baada ya kusafisha, washa mashine upya na urudie upekuzi siku chache baadaye. Kinachorudi ndicho kinachostahili wasiwasi, hata kama ni kitu kimoja tu, kwa sababu kina mzazi ambaye hakuonekana. Hapo Defender ina upekuzi wa nje ya Windows, unaofanyika kabla mfumo haujawaka na jasusi hajapata nafasi ya kujificha. Kikirudi tena, hifadhi nyaraka na picha, futa diski, weka mfumo upya. Saa za kulinganisha ripoti ya nne na ya tano ni saa zilizopotea.

Lakini yote niliyosema yanahusu majasusi wa kibiashara, wanaotaka kila mtu na yeyote. Kuna jasusi anayekutaka wewe. Huyu mara nyingi huwekwa kwa mkono na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta kwa dakika chache: mume au mke, mwajiri, mfanyakazi aliyeondoka kwa ugomvi. Programu anazotumia huuzwa hadharani kwa jina la ulinzi wa watoto au usimamizi wa wafanyakazi, na nyingine ni vifaa halali vya kuiongoza kompyuta kutoka mbali, kama AnyDesk. Msakaji akiinyamazia AnyDesk hajakosea; hawezi kujua kama uliiweka wewe. AV-Comparatives ilipopima mwaka 2019 na 2020 namna bidhaa zinavyotambua programu za kuwafuatilia wenza, matokeo yalitofautiana sana kati ya kampuni na kampuni.

Na dola nazo zimo. Oktoba 2015 shirika la Privacy International na BBC walitoa nyaraka kuhusu operesheni ya ujasusi wa kijeshi wa Uganda iliyopewa jina la Kiswahili, Fungua Macho, iliyotumia programu iitwayo FinFisher dhidi ya wapinzani na waandishi wa habari, na hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka zikiwa miongoni mwa mahali palipotajwa. Serikali ya Uganda ilikanusha. Mwaka mmoja kabla, nyaraka za ndani za FinFisher zilikuwa zimevuja mtandaoni. Miongoni mwake kulikuwa na jedwali la matokeo ya kuijaribu programu hiyo mbele ya programu 35 maarufu za kupambana na virusi. Watengenezaji wa jasusi walikuwa wanafanya kazi ileile ya mwenye nyumba wa Bofa, kulinganisha majibu, ila wao walilinganisha kabla ya kuuza, mpaka wakajua ni mlinzi gani angenyamaza.

Kenya ilipata mfano wake. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi na polisi wakachukua vifaa vyao. Vilipokuja kurudishwa, wataalamu wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walikuta FlexiSPY katika baadhi ya simu, imewekwa tarehe 21 Mei wakati zikiwa mikononi mwa polisi. FlexiSPY ni programu inayouzwa kwa yeyote. Uchunguzi ulioifichua ulihitaji watu waliofuatilia tarehe, na kujua simu ilikuwa kwa nani siku gani.

Ndiyo maana anayeshuku mtu anayemjua aanze na maswali ya namna hiyo: nani alikuwa na neno la siri, nani aliitengeneza mashine mara ya mwisho, ni lini, na ni programu gani katika orodha ya zilizosakinishwa ina tarehe ya siku hiyo. Wala asibonyeze kitufe cha kufuta. Sheria ya Kenya ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya 2018 inamtoza anayeingia kompyuta ya mwenzake bila ruhusa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kesi huhitaji ushahidi, na programu ya kusafisha huuondoa ushahidi huo pamoja na jasusi. Apige picha ya kila ukurasa wa ripoti, aizime mashine, aiweke pembeni, na abadilishe maneno yake ya siri kwa kutumia kifaa kingine ambacho mtu huyo hajawahi kukishika.